Kipara cha Mlima

Kolwezi si mji wa kutazama juu. Sisi tuliozaliwa hapa tunatazama chini: shimo limefika wapi, ukuta umeporomoka upande gani, nani ametoka na nani amebaki ndani. Ukipata mgeni kutoka Sandoa au Kisenge, unampeleka akaone shimo lilivyo pana, anapiga picha, mnarudi nyumbani mnakula bukari na sombe. Huo ndio utalii wetu. Kwa hiyo daktari aliponiambia nina tansyo, damu inapanda, na nianze kutembea, nilimuuliza nitembee wapi, kwenye vumbi la malori? Akasema nitafute mlima. Alisema hivyo bila kuinua macho kwenye karatasi zake, na nadhani alikuwa ananitania.

Lakini mlima nilikuwa nao. Mama yangu, Mungu amrehemu, alitoka katika kijiji kilicho chini ya safu ya vilima vyenye msitu, mwendo wa saa tatu kwa gari kama mvua haijakata njia. Mjomba wangu, kaka yake mkubwa, yuko huko mpaka leo. Jina la kijiji sitalitaja. Yaliyowapata yanawatosha.

Nilianza kwenda na manesi wawili niliowazoea. Mwaka wa pili tulikuwa watu kumi na wawili: mwalimu wa shule ya msingi, fundi umeme na mkewe, mama mmoja mnene wa kwaya ya Kiprotestanti ambaye alikuwa anapanda huku analalamika na bado anatupita wote, na wengine wanaokuja leo na kesho hawaji. Tulikuwa tunaondoka Jumamosi alfajiri kwa gari mbili, na jioni tunarudi. Waliniita mama prezida, kwa sababu kijiji kilikuwa changu na mjomba alikuwa wangu. Nilijifanya jina hilo linanichosha. Kusema kweli lilinipendeza sana, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, ingawa wakati huo sikuona.

Kuhusu mlima wenyewe nitasema kidogo, maana watu wa mjini wakianza kusifu msitu hawajui kunyamaza. Wengi wanadhani msitu ni kijani. Waje Septemba, kabla tone la mvua halijaanguka, ardhi imeungua na majivu ya nyasi yanachafua soksi mpaka magotini. Ndipo miombo inatoa majani mapya, na majani hayo hutoka mekundu, mengine rangi ya chai, mengine kama waridi lililofifia. Unasimama kwenye mwamba unaona kilima nyuma ya kilima, vyote vyekundu. Mama wa kwaya aliketi pale mara ya kwanza, akavua kiatu, akasema Mungu alikuwa na rangi nyingi na sisi akatupa vumbi. Wiki tatu baadaye kila kitu ni kijani na huwezi kumshawishi mtu kwamba palikuwa vingine.

Msitu una adabu zake, na mjomba hakuwa anamruhusu mtu kupanda kabla hajazisikia. Masuku, matunda ya msituni, unakula yaliyoanguka yenyewe. Anayetikisa mti anatafuta kugombana. Mti wenye mzinga wa nyuki haukatwi hata kuni. Uyoga unaokota, lakini ule wa kwanza kabisa unauacha ulipo. Na viwavi vya kula, ambavyo mwezi wa Desemba vinajaa kwenye matawi mpaka unavisikia vinatafuna, haviguswi na mtu yeyote mpaka shefu wa kijiji aufungue msitu. Siku hiyo kijiji kizima kinaketi pamoja asubuhi, mwenye neno moyoni analisema, watu wananawa mikono katika beseni moja, halafu wanapanda. Kukiwa na ugomvi ambao haujamalizwa, msitu haufunguliwi. Wanasema viwavi vitashuka ardhini kabla havijanenepa.

Jambo la mwisho katika masharti ya mjomba lilikuwa hili: juu kabisa hapapandwi. Njia ilizunguka kilima, ikapita chemchemi, ikafika kwenye mwamba wa kutazamia, ikashuka. Juu kulikuwa na kipara, mahali pasipo na mti hata mmoja, unapaona vizuri ukiwa barabarani. Mjomba alisema ni makaburi ya wakubwa. Sikuuliza zaidi. Baba yangu alinifundisha nisiulize juu ya makaburi ya upande wa mama.

Aliyekuwa anatuongoza ni shemeji yangu, mume wa binti wa mjomba. Huyu nimweleze vizuri. Alizaliwa Kolwezi kama mimi, wazazi wake walikuwa watu wa Kasai, babu yake aliletwa zamani kwa kazi ya mgodi. Alikuwa dereva wa lori, kazi ikaisha, akamfuata mke wake kijijini kwao badala ya mke kumfuata yeye, na watu walicheka sana. Kwa miaka kumi alijifunza kazi ya nyuki kwa mkwewe. Mwishowe alimpita. Alikuwa anabandua gome la mti zima zima, analikunja, analishona kwa kamba ya gome hilohilo, na mzinga wake haupitishi mvua. Asali aliipeleka mwenyewe Kolwezi kila mwezi kuuza sokoni. Kijijini walimtania kwamba Mkasai amekuwa mtu wa msitu kuliko wenye msitu. Yeye alicheka nao. Watoto wake wanne walizaliwa pale, hawajui lugha ya babu yao hata neno moja.

Alikuwa mtu wa maneno machache. Akiona mwenye kuchoka hasemi, anasimama tu na kujifanya anatazama mti.

Jumamosi moja ya Aprili tulifika tukamkuta hayupo. Mtoto wake wa tatu alikuwa na homa, amempeleka kituo cha afya kwa baiskeli. Mjomba naye alikuwa shambani. Binamu yangu, mke wake, alisema tukae tunywe munkoyo, tumsubiri. Kulikuwa na watu kumi na mmoja tayari wamevaa viatu vya kutembelea, mmoja wao mgeni kabisa, aliyeletwa na fundi umeme. Mwanamume wa makamo, mpole, buti nzuri za ngozi, chupa ya maji kiunoni. Aliniuliza kwa heshima kama mama prezida hajui njia mwenyewe.

Najua njia, nikasema. Twende.

Na nilijua njia. Tulipofika mahali panapogawanyika, pale ambapo shemeji hukata kulia bila kusema kitu, mimi nilisimama nikatazama kushoto. Mvua zilikuwa zimekwisha karibuni, hewa safi, na juu kupitia miti niliona rangi. Zambarau, au buluu iliyokolea, inacheza na upepo. Nilikuwa sijawahi kuja mwezi huo. Likizo zangu za utotoni zote zilikuwa za kiangazi, na kikundi chetu msimu wa mvua hakikutoka mjini. Nikawaambia dakika tano tu, tuone, hatutakanyaga kaburi la mtu.

Hapakuwa na kaburi lolote. Kulikuwa na uwazi mkubwa kama uwanja wa mpira, ardhi ngumu, mawe madogo, nyasi fupi, na maua. Maua maelfu, yanafika magotini, yote ya aina moja. Wenzangu walisema yoo, wakatoa simu zao. Mimi nilisimama pale nikicheka peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimeyatambua.

Baba yangu alitoka kaskazini akiwa kijana, akapata kazi ya kuwabebea wapimaji mnyororo wa kupimia ardhi. Alitembea Katanga nzima kwa miguu nyuma ya watu wenye ramani. Hakusoma, lakini alijua kitu kimoja ambacho alitufundisha watoto wote kabla hatujajua kuhesabu vizuri: miti ya miombo haipendi mukuba. Shaba ikiwa nyingi chini, mti haukui, kilima kinabaki na kipara. Na juu ya kipara hicho linaota ua moja ambalo linaipenda. Ukiliona ua hilo, simama. Baba alikuwa analisema hivyo kama padri anavyosema mambo ya sakramenti.

Basi niliwaeleza. Miaka ishirini napokea mifuko ya mawe kwenye maabara ya madini, naandika namba, napeleka ndani, na hakuna hata siku moja mtu ameniuliza najua nini. Siku ile watu kumi na mmoja walikuwa wamenizunguka wananisikiliza. Niling'oa ua moja nikawaonyesha mizizi. Niliwaambia kuhusu baba. Nilisema, na nakumbuka vizuri maana nilisema kwa sauti ya mwalimu, kwamba hapa mlipokanyaga, chini yenu kuko mukuba, na si kidogo.

Yule mgeni hakupiga picha kama wengine. Aliniomba nishike lile ua wima, akaweka kalamu pembeni yake ionekane ukubwa, akapiga mara moja. Kisha akainama, akaokota jiwe dogo lenye kutu ya kijani, akalitazama, akalirudisha chini. Akatembea peke yake mpaka ukingoni mwa miti na simu yake mkononi, akasimama kidogo, akatembea ukingo mwingine. Mtu wa kazi yangu alipaswa kuelewa kwamba anaweka alama za mahali. Nilimwona. Nikafikiri anatafuta mtandao.

Tuliporudi mjomba alikuwa amefika, ameketi mbele ya nyumba anakwangua udongo kwenye jembe. Aliwasalimu wageni wote mmoja mmoja. Halafu akaniuliza tulipitia wapi. Nikasema ku chemchemi, mujomba, kama siku zote. Uongo huo ulitoka wenyewe, laini, bila kunisumbua. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili na nilimdanganya mjomba wangu kama mtoto aliyekula sukari.

Jioni hiyo, kabla hatujaondoka, nilikuwa nyuma ya nyumba namsaidia binamu yangu kuosha sahani. Akawa anasema tu, kama mtu anayetaja kazi za wiki, kwamba Jumatatu wanawake wanapanda juu kupalilia. Kupalilia nini juu, niliuliza, kuna shamba? Alicheka. Akasema hakuna shamba, wanang'oa maua. Kila mwaka mvua zikiisha wanayang'oa yote siku moja, wanayachoma, tangu enzi za bibi yetu, ili mtu anayepita barabarani au angani asione kitu isipokuwa kilima chenye upara. Wageni wanaambiwa ni makaburi. Mwaka huu wamechelewa kwa sababu ya msiba. Kisha akanitazama akaniuliza kama mama hakuwahi kuniambia.

Mama hakuwahi kuniambia. Aliolewa na mbeba mnyororo wa wapimaji. Nadhani alijua pa kunyamaza. Ndani ya nyumba moja baba alitufundisha kulitambua ua, na mama alikaa karibu anachambua mboga, anasikia, hasemi.

Nikajitia hamnazo, nikafuta sahani ya mwisho, nikaenda garini. Njia nzima wenzangu walikuwa wanaonyeshana picha.

Agosti zilikuja gari mbili nyeupe. Watu waliokuwa ndani walikuwa na karatasi zenye mihuri ya mbali. Walimwonyesha shefu, yeye hakuweza kuzisoma na hawakumngojea atafute wa kumsomea. Walipanda moja kwa moja mpaka kwenye kipara bila kuuliza njia. Hilo ndilo lililowaumiza watu kuliko yote, kwamba hawakuuliza njia. Walipiga vigingi, wakapaka miti rangi nyekundu, wakatoboa ardhi kwa mashine siku tisa, wakaondoka. Yule mwanamume wa buti nzuri sikusikia kama alikuwa kati yao. Sikuuliza. Kampuni gani ilikuwa nyuma yao sijui mpaka leo, na vigingi bado viko.

Kijiji kikaanza kutafuta mdomo. Nani aliyesema? Na jibu walikuwa nalo tayari. Nani anakwenda Kolwezi kila mwezi? Nani ana simu kubwa? Nani alikuwa dereva wa watu wa migodi? Nani si mtu wa hapa? Mwanzoni hakuna aliyemwambia usoni. Waliacha tu kumtania. Halafu walianza kuvuka njia wanapomwona. Wanawake kwenye kisima walimwachia binamu yangu nafasi kubwa, kama mtu mwenye ugonjwa. Septemba mizinga yake mitatu ilikutwa chini, imekanyagwa, masega meupe yamejaa sisimizi.

Binamu yangu alikuwa ananipigia simu kila Jumapili kunieleza. Nilimsikiliza. Nilimpa pole. Nikamwambia yatapita, watu wakisema watachoka. Nilimwambia hivyo Septemba, nikamwambia hivyo Oktoba. Kikundi cha matembezi nilikivunja, nikasingizia magoti. Ofisini nilipokea mifuko yangu na kila mfuko uliokuja bila jina la mahali niliushika nikaupima kwa mkono, nikijiuliza. Nilikuwa naona haya, sikatai. Lakini haya yangu ilikuwa ya kukaa nyumbani. Haikunisukuma kufanya lolote.

Mwishoni mwa Novemba alipiga simu siku ya kazi. Hakulia safari hii. Alisema viwavi vimeanza kunenepa na shefu amepanga siku. Wazee wamekubaliana kwamba msitu hauwezi kufunguliwa na aliyeuza mlima akiwa ameketi ndani ya kikao. Ataambiwa mbele ya watu wote aondoke, yeye na mizigo yake, na mke akitaka amfuate. Baba yake, yaani mjomba, amekaa kimya, hatetei wala hashtaki. Alikuwa ananiomba mimi, kwa kuwa nimesoma, nije nimsemee mume wake.

Nilikwenda. Sikulala vizuri na niliendesha vibaya, nusura nimgonge mbuzi.

Waliketi katika uwanja wa shule, asubuhi, kama watu mia pamoja na watoto. Vikapu na ndoo vimepangwa pembeni tayari kwa kupanda. Beseni la maji liko katikati juu ya kinu kilichogeuzwa, unga umenyunyizwa ndani. Shefu ni mtu mdogo kuliko mimi, mwenye kofia ya sufu hata kwenye joto. Alieleza desturi, akasema mwenye neno aseme. Wawili walisema mambo madogo, mbuzi aliyekula mahindi, mwanamke aliyemtukana jirani, wakanawa, wakarudi. Kisha akasimama mwenye duka la chumvi na sabuni, mzee anayeheshimiwa, na akasema kwa upole sana. Hakutaja jina. Alisema tu kwamba sote tunajua, na kwamba nyuki hakai na moshi.

Watu walimtazama shemeji. Alikuwa ameketi kwenye nyasi na mtoto mdogo mapajani. Alisimama, akasema hajawahi kumwonyesha mtu mlima, akaketi. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayerudia jambo kwa mara ya mia.

Nilitaka sana mtu mwingine asimame. Nilimtazama mjomba. Mjomba alikuwa anatazama beseni.

Nikasimama. Nilipiga makofi mawili kama inavyotakiwa kwa wakubwa, na hapo nikasahau Kiswahili changu kizuri chote cha ofisini.

"Bakubwa, shemeji hakuuzisha kitu. Mi njo nilipandisha batu pale juu, mwezi wa ine, siku yeye alipeleka mutoto ku kituo. Mi njo niling'oa ua. Mi njo nilisema chini kuko mukuba."

Shefu aliniuliza kama mjomba wangu hakuniuliza siku ile nilikopita. Nikasema aliniuliza. Akataka kujua nilimjibu nini.

"Nilimudanganya."

Akauliza kwa nini nimekaa miezi yote hii. Nilikuwa na majibu kadhaa niliyoyatayarisha njiani, yote yalikuwa na kazi na ugonjwa ndani yake. Nikaona hayana maana. Nikasema niliogopa kwamba sitaitwa tena mtoto wa hapa. Mama mmoja nyuma alisema eeh, polepole.

Walizungumza wao kwa wao kwa muda mrefu, kwa lugha ya mama ambayo naisikia nusu. Mwishowe shefu aliniita nikanawe. Akamwita mwenye duka naye akanawe, kwa kuwa alimtia mtu doa bure, na yule mzee alikuja bila kusita, akanishika mkono ndani ya maji. Ndipo akaitwa shemeji. Naye alinawa. Watu walipiga makofi kwa pamoja, yale makofi ya viganja vilivyokunjwa yenye sauti nene, wanawake wakapiga vigelegele, mwenye duka akamkumbatia shemeji akamwita mtoto wake. Niliona machozi machoni mwa watu wawili watatu. Mimi mwenyewe nilipumua kama mtu aliyetolewa shimoni. Nilifikiri imekwisha. Ni aibu, lakini nilifika mpaka kujipongeza.

Shefu akasema msitu uko wazi. Walinyanyua vikapu, wakapanda wakiimba, na watoto mbele. Kutoka pale chini niliwaona wanaingia chini ya miti iliyopakwa rangi nyekundu, wanapotea mmoja mmoja. Mimi sikualikwa kupanda na wala sikukatazwa. Mjomba alinipita karibu, kikapu begani. Hakusimama, ila alisema, "Siku ile nilikuuliza." Ni hayo tu. Alikuwa hajaniambia neno tangu nifike, na sitaki kueleza lilivyoniingia.

Nilikwenda nyumbani kwa binamu yangu nimsubiri mume wake ashuke, nimwombe radhi kama inavyotakiwa, kwa kupiga magoti. Nilimkuta shemeji yuko nyumbani. Hakuwa amepanda. Ndani ya nyumba magodoro yamekunjwa, masufuria yamefungwa katika shuka, picha ya harusi imetolewa ukutani imelazwa juu ya nguo za watoto. Binamu yangu alikuwa anafunga mfuko wa maharage kwa kamba ya gome, hanitazami.

Nilidhani hawajaelewa. Nilimwambia shemeji maneno yameisha, wamemsafisha mbele ya watu wote, yule mzee amemwita mtoto wake. Nilimwambia mizinga itatengenezwa tena. Niliongea sana. Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho kama anavyosikiliza watu wote, akakaza fundo la shuka, akanyoosha mgongo.

"Yaya, dada mukubwa, mi nilisema miezi mine, hakuna mutu alisikia. Weye ulisema mara moja, bakasikia. Siku ingine kitu kikipotea hapa, weye utakuwa mu biro ya kazi yako ku Kolwezi."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika. Aliniuliza kama gari langu lina nafasi ya magodoro matatu, au kama afanye safari mbili na baiskeli mpaka barabarani. Nikasema lina nafasi. Nikaingia ndani nikachukua godoro la kwanza.